Pasi Ndani ya Ndege

Chukua waya wa pasi ya umeme, pitisha humo umeme wa betri kabla haujafika kwenye mota, na mota itazunguka polepole. Hilo ni kweli, mtu yeyote anaweza kulijaribu mezani kwake. Lakini ule umeme ambao mota haikuupata haukubaki kwenye betri ukikungoja. Umeishia kwenye waya, umegeuka joto. Betri inaisha vilevile, ndege inakwenda nusu, na kilichobaki unakipata kwa njia ya moshi. Nimefanya kazi nyingi chafu maishani. Nimezibua vyoo vya wapangaji, nimeosha utumbo machinjioni Vingunguti. Lakini sijawahi kuchukia kitu kama nilivyokichukia kile kidhibiti mwendo nilichokiunda kwa mikono yangu mwenyewe pale Mtoni, kwa ajili ya mzee mmoja asiyeona.

Nilifika kwake kwa sababu ya feni. Nilikuwa nimeishi muda mrefu kwa kupiga debe Ubungo, na mabasi ya mikoani yalipohamishiwa Mbezi mie sikuhama nayo. Nilikuwa nimeshachoka kuita watu nisiowajua wapande magari nisiyoyaamini. Nikaenda kulala kwenye karakana ya rafiki yangu Manzese, fundi wa pasi, feni na majiko. Nilimsaidia kazi, naye akaniachia nifungue chochote. Shule niliiacha kidato cha kwanza. Sikufukuzwa, niliondoka tu asubuhi moja nikitaka kuona reli inaishia wapi, na tangu hapo sijawahi kupita kitu chenye skrubu bila kutaka kujua ndani kuna nini. Siku hiyo dada mmoja alipiga simu karakana kwamba feni ya baba yake huko Mtoni imekufa, na rafiki yangu akanituma.

Dada huyo alikuwa karani Iringa, na alikuwa amekuja kumchukua baba yake. Mzee aliishi peke yake na presha ya macho ilikuwa imemmaliza kabisa. Muda si mrefu kabla ya hapo alikuwa ameweka mkono juu ya jiko la umeme akidhani limezimwa, na kiganja chake kilikuwa bado kimezungushiwa bandeji iliyoshika rangi ya chai. Majirani ndio waliompigia binti simu.

Chumba kilinuka, na sitalipamba hilo. Kando ya kitanda kulikuwa na kopo la maziwa ya unga ambalo mzee alitemea ugoro, na kwa kuwa haoni hakuweza kujua limejaa lini. Lilikuwa limejaa. Mafuta ya mgando aliyokuwa akipaka kwenye magaga ya miguu yake yalikuwa yamehamia kwenye shuka, kwenye kitasa cha mlango, kwenye swichi ya taa ambayo hakuwa na haja nayo. Nilimpa shikamoo, akaitikia akiwa ameelekeza uso ukutani. Nikapanda stuli, nikaifungua feni, nikaifunga. Wakati nashuka mguu wangu uligonga kitu chini ya kitanda.

"Nani kagusa bawa?" akauliza.

Niliinama. Chini ya uvungu, ndani ya shuka lililokojolewa na panya, ilikuwamo ndege. Ilikuwa ya mbao nyembamba na lile povu gumu jeupe wanalofungashia televisheni, mabawa yake mapana kushinda mlango. Mbele ilikuwa na mota na pangaboi la mbao, na pembeni kulikuwa na rimoti yake yenye mkonga mrefu wa kuvuta. Nilikaa chini sakafuni, kwenye uchafu ule, nikaanza kuipapasa.

"Umesoma wapi wewe?"

"Sikusoma, mzee. Niliondoka."

"Mtoro. Basi toa mikono."

Sikuitoa. Kuanzia hapo aliniita Mtoro mpaka tulipoachana, na mie nilirudi kesho yake, na keshokutwa, bila kuitwa na mtu.

Kumbe ndege ile ndiyo iliyokuwa inamkwamisha binti. Alinieleza tukiwa uani, anafua mashuka yale kwa sura ya mtu anayejizuia kutapika. Alikuwa ameshakata tiketi na kuahirisha, akakata tena na kuahirisha. Mzee hakukataa kwenda Iringa. Alichosema ni kwamba haondoki kabla hajaisikia ndege yake ikiruka jinsi anavyotaka yeye, kwa sababu binti alikuwa ameshamwambia kwamba takataka ile haiingii kwenye nyumba yake. Na binti hakuweza kumwacha baba yake hapa. Safari hii alikuwa ameunguza kiganja. Siku nyingine angeunguza nyumba na wapangaji wa chumba cha pili.

"Kaka, mfanyie hicho anachotaka," akasema. "Hata kama ni upuuzi. Mfanyie tuondoke."

Nilidhani ni kazi nyepesi. Ndege ilikuwa inaruka, hilo lieleweke. Nilibadilisha betri, nikaweka za mashine ya kutobolea ukuta, na nikasafisha kutu. Kuwasha na kuzima mota kulifanywa na swichi iliyosukumwa na kimota kidogo chenye mkono, wanachokiita sevo. Ukisogeza kijiti cha rimoti, mkono unasukuma swichi, pangaboi linazunguka kwa nguvu zote. Ukirudisha, linasimama. Hakuna katikati. Unapanda kwa mota, unazima, unateleza hewani na kushuka kwenye majani. Mzee alinifundisha akiwa kwenye kiti cha plastiki, kwa matusi, kwamba ndege ikikujia kushoto kwako ni kulia kwake. Niliiangusha mara kadhaa kisha nikaielewa. Ilitua vizuri hata binti akapiga makofi akiwa mlangoni, nadhani kwa ajili ya tiketi.

Mzee hakupiga makofi. Alitema kwenye kopo.

"Hiyo ni kelele tu," akasema. "Inawaka, inazima. Kama jirani mwenye jenereta. Nataka ishuke sauti ikiwa juu."

Ndipo akanieleza, na alieleza kwa uchungu ambao mie niliuona wa kitoto kwa mtu wa umri wake. Alikuwa mwalimu wa ufundi kwenye chuo. Alipopelekwa ng'ambo kwa mafunzo akiwa kijana, aliona wazungu wakirusha vindege vya petroli, na alichokipenda si kuruka kwenyewe, ni ile sauti ikipungua ndege inapokuja kutua, kama mtu anayemaliza kusema. Aliporudi hakuwa na petroli ya kuchezea, akajenga ya umeme. Siku hizo vidhibiti vya kielektroniki havikuuzwa popote alipofika. Watu waliokuwa na mambo hayo walijitengenezea wenyewe: waya unaobana umeme, na mkono wa sevo unaotambaa juu yake, huku mwingi, kule kidogo. Akatengeneza cha kwake kwa waya wa pasi. Siku ya kuwaonyesha walimu wenzake kiliwaka moto mezani, ndege haijatoka hata mlangoni. Wakamwita Pasi. Walimwita hivyo mpaka alipostaafu, na hata kwenye sherehe ya kumuaga mtu mmoja alimletea pasi iliyofungwa utepe, na ukumbi mzima ukacheka.

Nilimwambia kwamba siku hizi Kariakoo kuna kidude kidogo kama kipande cha biskuti, kinakata umeme na kuuachia haraka haraka kiasi kwamba mota inaona umepungua, na hakipotezi karibu chochote. Nilikuwa nimekifungua kimoja, nilijua ninachosema. Nikamwambia nitakileta kesho, sauti itashuka anavyotaka, hakuna moto.

"Kinapiga filimbi," akasema.

"Kidogo tu, mzee."

"Na si changu."

Basi ikabidi nitafute pasi. Manzese zipo nyingi, zile za zamani nzito, wanaleta watu ambao hawataki kukubali kwamba zimekufa. Ukiifungua ndani kuna kibati, chini yake kuna tabaka zinazong'aa kama magamba ya samaki, na juu ya hizo kumezungushwa waya bapa mwembamba kama utepe. Hicho ndicho alichokitaka. Alisema tabaka zile haziungui, waya ule umeumbwa kwa moto, kwa hiyo hauna shida. Wengi tunafikiri hivyo. Nimemsikia hata rafiki yangu fundi akisema hivyo: waya wa pasi hauungui. Ni kweli hauungui. Kinachoungua ni kila kitu kilicho karibu nao, na kwenye pasi kilicho karibu nao ni chuma. Kwenye ndege ni povu.

Sasa mie nilikuwa nafanya kazi huku roho inanikataa. Waya mzima ulibana umeme kupita kiasi, mota haikutikisika hata kidogo. Nilipoukata mfupi ukawa mwekundu. Nikafunga vipande kadhaa sambamba ili vigawane mzigo, vikawa vinapata joto la kuunguza kidole badala ya joto la kuwasha sigara, na hayo ndiyo yalikuwa mafanikio yetu. Nilitoa kipande cha shaba kwenye soketi mbovu, nikakifanya ulimi wa kutambaa juu ya waya, nikaufunga kwenye mkono wa sevo. Upande mmoja ulimi ulitoka kabisa, mota ikazima. Upande wa pili ulikaa kwenye shaba nene, umeme ukapita wote bila kugusa waya, nguvu zote, hakuna joto. Ugonjwa ulikuwa katikati tu. Ukikaa katikati ndipo waya unapopika. Na katikati ndipo alipotaka mzee kukaa.

Kwenye meza kidhibiti kilinuka. Si moshi wa heshima kama wa kuni. Ilikuwa harufu ya vumbi la nguo za watu nisiowajua, jasho la kola, wanga wa mashati ya harusi, vyote vilivyoganda ndani ya pasi ile miaka na miaka na sasa vinachomwa upya mbele ya pua yangu. Nilisafisha waya wote kwa spiriti na brashi ya meno, nikaujaribu tena, ulimi ukawa unatambaa kwa kukwaruza lakini unafanya kazi. Nikakiacha kwenye meza yake nikaenda kununua risasi ya kuchomelea nyaya.

Niliporudi kilikuwa kinang'aa. Nikakisogeza karibu na dirisha. Waya wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, ulikuwa umepakwa mafuta ya mgando, na ndani ya mafuta mlikuwa na ngozi. Ngozi ya kisigino chake. Vipande vidogo vya kijivu.

Nilimwuliza amefanya nini. Akasema alikipapasa, akakisikia kinakwaruza, na kitu kinachosuguana lazima kipakwe mafuta, hilo alilifundisha miaka yote.

"Na kinachowaka moto, mzee, unakipaka nini?"

Alicheka mpaka ugoro ukamtoka puani. Alipotulia aliniambia kwamba wakati wake wanafunzi walikuwa hawamjibu. Nikamwambia ndiyo maana hakuna aliyemwambia kwamba kidhibiti kingewaka mezani. Binti alikuwa amesimama mlangoni na pasi ya mashati yake mkononi, hajui acheke au anifukuze. Kisha mzee akasema, kwa sauti ya chini, kwamba siku ile ya kwanza pia alikipaka mafuta. Usiku uliotangulia. Ili kiteleze mbele za watu.

Sikumhurumia kama nilivyopaswa. Nilichokuwa nakifikiria ni kwamba nitalazimika kuusugua tena waya ule kwa mkono wangu. Niliusugua. Nikanawa mara mbili na bado wakati wa kula nilitumia kijiko.

Tulipanga kurusha asubuhi ya safari, kabla upepo wa baharini haujaamka. Mabegi yalikuwa sebuleni yamefungwa, bajaji iliagizwa. Mzee alivaa suti yake ya kahawia, akawa anangoja kwenye kiti chake nyuma ya nyumba. Huko kuna eneo wazi ambalo halifai kujengwa, kwa hiyo watu wameligawa kwa matumizi mengine. Wachinja kuku wanatupa manyoya na matumbo. Akina mama wanatupa pampasi zilizokunjwa vizuri kama maandazi. Mwisho wake kuna mfereji wa maji meusi yanayokwenda mtoni, yenye povu juu, na ukikaa kimya unayasikia yakitoa mapovu. Nilipiga kijia katikati ya uchafu huo siku zote za mazoezi na nilikuwa na viatu maalumu kwa ajili yake.

Nilimweleza mzee mara ya mwisho. Tukifika katikati tukae kidogo tu, asikie, nipandishe. Nikipandisha, ulimi unatoka kwenye waya, waya unapoa. Tukirudia mara nyingi ni sawa. Tukikaa, hapana. Akasema amenielewa, alikuwa fundi kabla baba yangu hajanizaa.

Nikairusha kwa mkono. Ilipanda vizuri kwa nguvu zote, nikaizungusha juu ya mapaa, nikairudisha ikawa inakuja kwetu kutokea upande wa mfereji. Nikavuta kijiti hadi katikati.

Sauti ikashuka. Ilishuka kwa mkwaruzo kidogo mwanzoni kisha ikakaa, nzito, na ndege ikapunguza mwendo, ikawa inaelea pale juu kama inafikiria. Sijawahi kuona ndege ile ikiwa imetulia hivyo. Kunguru waliokuwa kwenye matumbo ya kuku waliinua vichwa. Mzee aliinua kile kiganja chenye bandeji.

"Chini kidogo."

Nikashusha.

"Tena. Hapo. Kaa hapo."

Nikakaa. Niliizungusha polepole, kubwa, huku nikihesabu pumzi zangu. Nikamwambia mzee tunaunguza. Akasema anajua tunafanya nini. Ndege ikapita upande wa juu wa upepo, na harufu ikatushukia, ile ya pasi iliyosahauliwa juu ya sketi ya nailoni. Pua yake ilisogea kabla ya yangu.

"Inaungua," akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Nipandishe? Nikipandisha sasa hivi inapona."

"Ndege ya nani?"

"Yako, mzee."

"Basi kaa hapo."

Dole gumba langu lilikuwa juu ya kijiti. Lilikuwa jambo la kusogeza kidogo tu, na ndege nzima, safi, iliyokuwa ikiruka vizuri kabla hatujaitia ugonjwa huu, ingekuwa salama. Lakini asingeacha kusikia kwamba nimepandisha. Nilikaa hapo. Doa la kahawia lilitokea puani mwa ndege, likawa jeusi, likaanza kudondosha matone yanayowaka. Bado iliimba. Kisha ulimi uling'oka au povu liliukumbatia, sijui, mota ikanyamaza, mkia ukapanda, na ndege ikaingia kwenye mfereji kwa kichwa. Ilitoa sauti kama mtu anayekaa kwenye uji.

Viatu vile maalumu havikusaidia kitu. Niliingia hadi mapajani. Matope yalikuwa ya uvuguvugu, na hilo ndilo ambalo mwili wangu haujasahau: uvuguvugu. Kitu laini kilinizunguka kifundo cha mguu, nikaamua nisikijue. Bawa lilikuwa limevaa pampasi. Niliivuta ndege kwa mkia huku kichwa chake kikiendelea kufuka moshi juu ya maji yale, harufu mbili ambazo hazikupaswa kamwe kukutana, na nikatapika hapo hapo, na hakuna mtu angeweza kusema nimepachafua.

Binti alinikuta ukutani, ndoo ya maji mkononi mwake. Aliniambia nisisogee karibu na nyumba, akanimwagia maji kutoka mbali kama anayezima kitu. Hakuniuliza lolote kuhusu ndege. Alikuwa anamtazama baba yake.

Mzee alitaka kushika kidhibiti. Nilikichomoa kutoka kwenye lile povu lililoyeyuka, nikamwekea kwenye kiganja kizima. Alikipapasa taratibu. Zile tabaka zilivunjika zikawa vumbi vidoleni mwake. Waya wenyewe ulikuwa mzima, kama alivyosema.

"Ulionaje sauti, Mtoro?"

Nikamwambia ilikuwa nzuri. Na kweli ilikuwa nzuri. Hadi leo ndicho kinachonitia kinyaa kuliko matope, kwamba kitu kiovu kiasi kile kiliweza kutoa sauti ile.

Akatikisa kichwa.

"Mbaya," akasema. "Mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi. Na mie nimeitaka maisha yangu yote." Kisha akajifutia masizi kwenye suruali ya suti, akanyoosha mkono hewani, upande aliko binti. "Haya, mama. Twende."

Binti alimshika kiwiko upesi, akampitisha kando ya ukuta, na muda si mrefu nikasikia bajaji ikiwashwa upande wa barabara. Mzee hakuaga. Hakuuliza ndege imekuwaje.

Nilibaki na ile maiti ya mbao na povu, nzi wameshafika. Juu ya ukuta dada aliniachia kipande cha sabuni ya kufulia. Nilikitumia chote.